Watengenezaji wa muziki wa kompyuta nao watajwe redioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme na wasimamizi wa vituo vyetu vya redio, pamoja na wanaoshughulikia hakimiliki hapa Zanzibar, kuhusu watu ambao kazi zao tunazisikia kila siku lakini majina yao hatuyasikii. Nawakusudia vijana wanaokesha mbele ya kompyuta katika vyumba vidogo vya Unguja na Pemba, wakitengeneza midundo na sauti ambazo mwimbaji huja kuzikuta tayari. Mtangazaji akishapiga wimbo humtaja aliyeimba, pengine na aliyeandika maneno, kisha huishia hapo.

Hasara ya mtindo huu imewahi kuonekana kwa wenzetu. Bi Delia Derbyshire, aliyezaliwa Coventry, Uingereza, mwaka 1937, alisoma hisabati na muziki Cambridge, na alipoomba kazi katika kampuni ya kurekodi muziki ya Decca mwaka 1959 alijibiwa kwamba studio zao haziajiri wanawake. Mwaka uliofuata aliingia BBC, na mwaka 1962 akahamia Radiophonic Workshop, kitengo kilichokuwa Maida Vale, London, kwa kazi ya kubuni sauti za michezo ya redio na televisheni. Mwaka 1963 mtunzi Ron Grainer aliwaletea karatasi moja yenye alama za muziki (noti) kwa ajili ya muziki wa kufungulia mchezo mpya wa televisheni, Doctor Who.

Inafaa nieleze Bi Derbyshire alivyoifanya kazi ile, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba muziki wa mitambo hujitengeneza wenyewe. Wakati ule hapakuwa na kompyuta ya muziki wala sintesaiza, yaani kinanda cha kubuni sauti mpya kwa umeme, ya kununua dukani. Mlio mzito unaotangulia ulitokana na uzi mmoja uliopigwa kwa kidole na kurekodiwa, kisha ukabadilishwa kasi ili kupata kila noti iliyohitajika. Sauti inayopanda na kushuka kama upepo ilitoka katika mitambo ya umeme ya kutoa milio ya kujaribia vyombo vya sauti, ambayo vitufe vyake vilizungushwa kwa mkono. Kila noti ilikuwa kipande cha utepe wa kurekodia sauti kilichopimwa urefu, kikakatwa kwa wembe na kuungwa na chenzake, na yeye na msaidizi wake, Dick Mills, walipomaliza kuunga waliziwasha mashine za utepe kwa pamoja ili sauti zote zikutane. Grainer alipousikia alistaajabu, akataka mapato ya utunzi yagawanywe nusu kwa nusu. Taratibu za BBC zilikataa, kwa kuwa wafanyakazi wa kitengo kile hawakutajwa mmoja mmoja. Kilichoandikwa ni jina la kitengo tu.

Mwaka 1969 Bi Derbyshire na wenzake wawili, Brian Hodgson na David Vorhaus, walitoa albamu ya An Electric Storm kwa jina la White Noise, wakiuchanganya wimbo wa kawaida wa vijana na sauti ambazo zilisikika kwa nadra katika nyimbo za aina hiyo. Aliondoka BBC mwaka 1973, akafanya kazi nyingine mbalimbali, na akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 64. Jina lake lilionekana kwa mara ya kwanza katika orodha ya watengenezaji wa mchezo ule mwaka 2013, miaka 50 baada ya kazi yenyewe, naye hakuwapo kuliona.

Hapa Wete yupo binti wa dada yangu anayeifanya kazi hii. Msimu wa karafuu uliopita alirekodi kwa simu mlio wa karafuu kavu zinapogeuzwa jamvini, akauingiza katika kompyuta, akaukata vipande vidogo na kuupunguza kasi hadi ukawa mzito kama ngoma, na kipande kingine akakiharakisha kikashika nafasi ya cherewa. Kijana mmoja akauimbia mdundo huo, na wimbo ukapendwa. Baadaye mfanyabiashara mmoja aliuchukua mdundo peke yake, bila ya neno hata moja la mwimbaji, akautumia katika tangazo lake. Alipofuatwa alijibu kwamba amekwishaelewana na mwimbaji, na amekwishamlipa. Limeniuma sana jambo hili, kwani kilichouzwa hakikuwa na sauti ya mwimbaji ndani yake, na aliyekitengeneza hakuulizwa.

Wala kuwatenganisha watu kwa kazi zao si jambo geni kwetu. Katika taarab, tangu enzi za vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, inafahamika kwamba mtunga shairi, mtia muziki na mwimbaji huweza kuwa watu watatu mbalimbali, na kila mmoja ana heshima yake. Sioni sababu ya kuiacha adabu hiyo kwa kuwa tu mtia muziki wa leo hakushika fidla wala ganuni.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa redio zetu wawaelekeze watangazaji kumtaja mtengenezaji wa muziki kila wimbo unapopigwa, jambo ambalo halichukui hata sekunde tano. Kwa upande wa COSOZA, taasisi inayoshughulikia hakimiliki Zanzibar, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 ipo, lakini vijana wengi wa studio niliozungumza nao wanaamini kwamba inawahusu waimbaji tu. Ingefaa maofisa wawafuate studioni na skulini, hasa huku Pemba, wawafundishe namna ya kusajili kazi na kuandikiana mkataba na mwimbaji kabla ya kurekodi. Na wewe, Mhariri, kurasa zako za burudani zinapochapisha habari za wimbo mpya, waandishi wako wamuulize mwimbaji ni nani aliyemtengenezea muziki, na jina hilo lichapishwe.

Msomaji wako,
Wete, Pemba