Waandaaji wa matamasha, turuhusuni tuingie na chakula chetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu matamasha ya muziki ya uwanjani, hasa yale ya kutwa nzima na yale ambayo watu hulala kwenye mahema. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kwenye hema la huduma ya kwanza. Wengi wanaoletwa kwetu jioni hawana ugonjwa wowote. Wana njaa na kiu. Ukiwauliza wamekula nini tangu asubuhi, wanakujibu: chipsi na soda, basi.

Watu husema vijana hawajali afya zao. Mimi sikubali, kwa sababu nimesimama getini nikaona kinachofanyika. Begi linapekuliwa, kontena la chakula linatolewa, matunda yanatolewa, hata chupa tupu ya maji inatolewa, na vyote vinaishia kwenye pipa. Msichana mmoja tuliyemhudumia alikuwa amejiandalia mkate wenye siagi ya karanga na ndizi mbili. Vilitupwa huku anaangalia. Pesa aliyobaki nayo baada ya nauli ilimtosha kununua kitu kimoja tu, akachagua soda kwa kuwa ilikuwa ya baridi. Alasiri akaanguka katikati ya watu. Tulimlaza kivulini, tukamwinua miguu, tukamnywesha ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kidogokidogo, na dereva wa gari la wagonjwa akamkatia nusu ya mkate wake mwenyewe. Soda moja ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari. Inakupa nguvu ya muda mfupi tu, kisha unabaki na njaa yako.

Mambo haya si mapya. Kwenye tamasha la muziki la Woodstock, Marekani, mwaka 1969, vyakula vya kuuza viliisha, na watu wengi walishibishwa na wanajumuiya wa Hog Farm, kundi la watu walioishi pamoja kijamaa, waliokuwa wakigawa bure nafaka zilizopikwa na mboga. Miaka 30 baadaye, kwenye tamasha la jina hilohilo huko Rome, jimbo la New York, chupa ya maji iliuzwa dola 4 kwenye jua kali, foleni za mabomba ya bure zilikuwa ndefu mno, na watu wengi walizidiwa na joto. Kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, watu huingia na chakula chao, wanajaza chupa zao kwenye mabomba bila malipo, na bado vibanda vya chakula vimejaa kila upande.

Najua hoja za waandaaji: wanaouza ndani wamelipia nafasi zao, chupa za vioo ni hatari, na wapo wanaoficha pombe. Kioo kizuiwe, hapo niko pamoja nao. Kontena lifunguliwe likaguliwe. Lakini mtu aliyekula mchana chakula alichotoka nacho nyumbani ndiye atakayekuwa na nguvu, na pesa, ya kununua sahani moja nzuri ya moto usiku.

Kwa wanaokwenda, kuleni mshibe kabla ya kutoka nyumbani. Bebeni vitu visivyotaka friji: karanga, mkate, karoti, matunda yenye maganda. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na juani mimi nisingesubiri hata hizo, kwa hiyo chenye nyama au mayai ndicho kiliwe mwanzo. Mahali wanaporuhusu chupa yenye maji, igandishe usiku kucha bila kuijaza hadi juu, maana barafu hutanuka, kisha iweke ubavuni mwa chakula. Itakipoza, na inavyoyeyuka unakunywa. Kwenye vibanda, zungukeni kwanza kabla ya kutoa pesa, mtafute kinachotoka jikoni kikifuka moshi. Maharage na wali vinashibisha kuliko soseji, na sahani kubwa inatosha wawili. Maji matupu mfululizo bila kula nayo hayafai, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi pia. Na mikono ioshwe kwa sabuni. Vitakasa mikono havifui dafu mbele ya baadhi ya virusi vya kuharisha, na kuharisha ndani ya hema la kulala ni mateso niliyoyashuhudia mara nyingi.

Ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Ruhusuni chupa tupu ya plastiki na chakula cha mtu mmoja, na ramani ya uwanja ionyeshe mabomba yalipo kama inavyoonyesha majukwaa. Kama kuna kinachozuiwa, kiandikwe kwenye tangazo, tukijue kabla hatujanunua tiketi.

Wako,
Muuguzi wa kujitolea