Cheti kimoja kituvushe Malaba

Mhariri,

Nakuandikia nikiwa kwenye lori karibu na Kanduyi, Bungoma. Leo ni siku ya sita. Nimebeba ngano kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, na mbele yangu malori yamepangana hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Sipingi kupimwa korona. Mwaka 2020 nilimzika shemeji yangu, dereva mwenzangu, na tangu siku hiyo barakoa haijanitoka usoni. Nilipimwa Mombasa kabla ya kung'oa nanga na cheti ninacho hapa. Kumbe Uganda yataka tupimwe upya mpakani, kwa dola 30 kila mmoja. Posho yangu ya safari nzima haifiki mbali na hapo, na utingo wangu naye anahesabiwa.

Huku barabarani hakuna choo. Maji twanunua kwa wenyeji, na usiku tunalala kwa zamu kwa sababu ya wanaofyonza mafuta. Jioni tunakusanyika kwenye kibanda kimoja cha chai, madereva ishirini bega kwa bega. Hiyo ndiyo karantini gani?

Nasikia petroli Kampala imepanda bei. Haitakuja kwa miguu. Sisi ndio huileta.

Nawaomba mawaziri wa afya wa nchi zetu za Afrika Mashariki wakubali cheti kimoja, kinachotambulika pande zote mbili za mpaka. Na kama lazima tupimwe tena, basi iwe bure, na majibu yatoke siku hiyo hiyo.

Dereva wa masafa marefu,
Changamwe, Mombasa.
Januari 2022