Boti ya mtumba ikaguliwe nchi kavu kabla fedha hazijatoka

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila kaskazi ikikaribia, wavuvi na wachukuzi wengi wa Pemba na Unguja hubadilisha vyombo, na siku hizi anayeiacha mashua ya mbao huingia moja kwa moja kwenye boti ya faiba yenye mashine ya kufunga nyuma, aghalabu ya mtumba. Biashara hufanyika kwa namna moja karibu kila pwani: boti inaelea, muuzaji anavuta kamba, mashine inanguruma, wanazunguka mara mbili mbele ya watu, bei inakatwa. Wiki ya pili ngama (tumbo la boti panapokusanyika maji) haikauki na mashine inazimika njiani. Tunavyoona sisi, jaribio hilo la majini ndilo linaloficha maradhi. Ukaguzi wa kweli hufanyika juu ya mchanga, muuzaji akiwepo.

Boti tupu ikikimbia huinua omo (mbele yake), na sehemu kubwa ya mbavu hukaa juu ya maji. Ufa ulio hapo hauingizi kitu. Pakia barafu, nyavu na watu sita, kisha itie nanga, na ufa ule ule unakuwa chini ya maji mchana kutwa. Watu pia hawakisii kasi ya maji yanayoingia. Tundu la upana wa inchi moja, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa bahari, huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Pampu ndogo ya umeme iliyoandikwa galoni 500 kwa saa, hata ikitimiza yote iliyoandikwa, hutoa kama lita 31 tu kwa dakika. Maana yake ni kwamba kizibo cha kutolea maji kikichomoka, pampu hiyo haikuokoi, na mtu mwenye upo wa kukumbia maji atachoka kabla ya bahari.

Kabla ya kutafuta tundu, onja maji ya ngama. Yakiwa maji baridi, ni mvua inayopita juu, kwenye viungo vya sitaha au misumari ya vishikio. Yakiwa ya chumvi, ipandishe boti.

Ilaze juu ya magunia ya mchanga katika sehemu nne au tano, isiegemee mahali pamoja. Ikaushe ndani na nje. Halafu tia maji baridi ndani, kina cha sentimita 5, usizidishe: kwa sakafu ya mita 4 kwa mita 1.2 hizo tayari ni lita 240, yaani kilo 240 zinazosukuma faiba kwa upande ambao haikuzoea. Kaa saa nzima ukizunguka na chaki, weka alama kila panapotoa jasho. Baada ya hapo inua omo kidogo, maji yote yaende tezini (nyuma), na uangalie tena. Jihadhari na jambo moja: katika boti yenye sakafu mbili, maji huingia mahali pengine na kutokea pengine, yakitambaa kati ya tabaka. Ndiyo maana kuziba pale tu unapoona tone mara nyingi hakusaidii. Na kama katikati ya sakafu hizo mna povu la kuisaidia boti kuelea, nalo limekwisha kunywa maji, boti itaelea chini kuliko kawaida hata ukiziba kila kitu. Hapo hakuna dawa ila kuikata sakafu na kulitoa povu lote.

Anza na kizibo. Angalia hesi zake, raba yake, na skrubu zinazoshika kikombe chake kwenye faiba. Hugharimu kidogo, na watu wengi hukiruka kwa sababu ni kitu kidogo.

Kisha nenda kwenye ubao wa tezi unaobeba mashine, na hapa usiharakishe. Ndani ya faiba hiyo kwa kawaida mna plaiwudi. Tundu za boliti zisipozibwa vizuri, maji huingia kwenye plaiwudi na ubao unaoza huku nje ukionekana mzima na rangi yake inang'aa. Gonga kwa mpini wa nyundo sentimita baada ya sentimita: palipo pazima hulia kwa mlio mkali, palipooza hutoa mlio mzito uliokufa. Halafu inua mguu wa mashine hadi nusu, uning'inie kwa uzito wako, na mwenzako atazame ukingo wa juu wa ubao. Ukionekana kupinda, au maji ya rangi ya chai yakichuruzika kwenye boliti, ubao umekwisha. Huo ndio ugonjwa wa gharama kubwa kuliko yote katika boti ya faiba. Kuufanya upya ni kukata ganda la ndani, kutoa mbao zote, kubandika plaiwudi mpya ya baharini na kuifunika tena kwa faiba. Kama bei haikupunguzwa kwa kiasi hicho, usinunue.

Ubao ukiwa mzima lakini boliti zinavuja, toa boliti zote, panua kila tundu kidogo, lijaze epoksi nzito, likikauka toboa upya. Kwa njia hiyo boliti haigusi mbao tena. Paka gundi ya poliyurethani ya baharini kwenye shingo ya boliti na chini ya washa, kaza kiasi, iache siku nzima au mbili, kisha malizia kwa kuzungusha nati tu, boliti yenyewe isizunguke. Silikoni ya madirishani usiitie hapo. Haishiki vizuri chini ya maji, na papo ilipopakwa, rangi wala rezini (gundi ya faiba) haikamati tena.

Mkuku (uti wa chini wa boti) nao huliwa kwa kuburutwa. Bahari zetu maji hupanda na kushuka hadi kama mita 4 wakati wa bamvua, hivyo boti hupwelewa kila siku, na mchanga wenye vipande vya matumbawe hufanya kazi ya msasa. Ukiona nyuzi za faiba zimejitokeza, tabaka la nje limekwisha. Mafundi waliokulia kwenye vyombo vya mbao hukimbilia kalafati, pamba na shahamu. Mbao hutanuka ikilowa na kuibana pamba. Faiba haitanuki, na shahamu ikishaingia kwenye ufa hakuna rezini itakayoshika hapo. Putty ya magari nayo hunywa maji, ikavimba na kubanduka vipande. Methali ya ufa na ukuta imeharibu boti nyingi: watu huziba upesi, kwa chochote kilicho karibu.

Faiba hurekebishwa kwa faiba. Osha chumvi kwa maji baridi, acha pakauke kabisa, kisha saga ufa kwa grinda ukitandaza ukingo kama bakuli. Kipimo chetu ni mara 12 ya unene: ganda la milimita 5 husagwa milimita 60 kila upande. Futa vumbi, pangusa kwa asetoni. Mkeka wa nyuzi za faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita moja kwa tabaka, kwa hiyo hapo panahitaji tabaka tano, na kila mita moja ya mraba ya mkeka hunywa karibu kilo moja na gramu mia ya rezini. Hadina (dawa ya kugandisha rezini) ni asilimia 1 hadi 2 ya rezini. Kwa joto letu la mchana tumia 1, yaani mililita 5 kwa gramu 500 za rezini, uipime kwa sirinji. Usishuke chini ya hapo ukidhani unajipa muda, kwani rezini itabaki laini daima. Changanya kidogo kidogo, tia tabaka tatu, iache ipoe, ndipo uendelee, maana tabaka nyingi kwa mkupuo hupata moto na kupasuka. Rezini ya poliesta juu hubaki inanata ikiguswa na hewa. Tabaka la mwisho litandikie plastiki au tia nta yake. Na kama rezini yako inauzwa bila kichocheo cha kobalti, kamwe usichanganye kobalti na hadina moja kwa moja. Viwili hivyo vikikutana hulipuka. Changanya kimoja na rezini kwanza, kisha ndipo utie cha pili.

Sasa mashine. Ya kwanza ni urefu wa mguu, kwa sababu boti na mashine mara nyingi hununuliwa kwa watu tofauti. Mguu mfupi ni wa ubao wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Mfupi ukifungwa kwenye ubao mrefu, propela hula hewa na tundu za maji ya kupozea hunyonya hewa nazo, kisha mashine inachemka na mwenye boti analaumu impela (gurudumu la raba la pampu ya maji). Bati lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au chini yake kidogo tu.

Ya pili ni oili ya gia. Legeza skrubu ya chini ya mguu mashine ikiwa imelala usiku mzima wima. Yakitangulia maji, au oili ikitoka nyeupe kama maziwa, sili (raba ya kuzuia maji) imekwisha. Mara nyingi mkosaji ni mshipi wa nailoni uliojisokota nyuma ya propela ukaikata sili ya shafti, kwa hiyo toa propela uangalie. Oili mpya hujazwa kutoka tundu la chini mpaka imwagike juu, na raba za skrubu zibadilishwe. Kazi hii ni ya dakika tano. Muuzaji akiikataa mbele yako, mwachie mashine yake.

Ya tatu ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Washa kwanza ipate joto, toa plagi zote, chomoa klipu ya kuzimia, fungua mafuta hadi mwisho, vuta kamba mara kadhaa kwa kila silinda ukiwa na geji. Namba yenyewe si muhimu sana kuliko tofauti: silinda moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna ringi, gasketi au pistoni. Plagi nazo husema. Ya kahawia ni nzima, nyeusi yenye mafuta ni mchanganyiko mzito, yenye matone ya maji ni gasketi ya kichwa.

Kuiwasha nchi kavu kunahitaji pipa la maji yanayofika juu ya pampu. Bila maji impela huungua kwa sekunde chache tu. Tazama mkojo wa mashine, yaani mchirizi wa maji ya kupozea unaotoka nje. Ukiwa dhaifu, pitisha kipande cha mshipi mnene kwenye tundu lake, maana chumvi na viota vya nyigu huliziba. Kama haukuongezeka, fungua mguu ubadilishe impela, na ukikuta mbawa zimekatika, vipande vyake vitafute hadi kwenye termostati. Usipovitoa, vitaziba njia na impela mpya haitakusaidia. Unapoiingiza, zungusha shafti upande inaozungukia mashine ili mbawa zilale ipasavyo.

Mashine inayozimika baada ya dakika chache kila mara si lazima iwe mbovu kabureta, ingawa kabureta ndiyo hufunguliwa kwanza. Angalia skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ikifungwa, tangi hujinyonya na mafuta hayaji. Angalia pampu ya mkono: ikisinyaa mashine inapofanya kazi, kizuizi kiko upande wa tangi, ikibaki laini, mpira unavuta hewa au vali zake zimekufa, mashine ikifufuka kila ukiiminya, tafuta diaframu ya pampu ya mafuta. Mshale wake uelekee mashine. Petroli itie kwenye chupa nyeupe iache itulie, maji yatakaa chini. Filta ya kutenganisha maji inalipa bei yake mara ya kwanza tu inapokusaidia.

Kwa mashine ya mchanganyiko wa petroli na oili wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 ni mililita 400 za oili, na injini iliyofunguliwa upya huanzia 25 kwa 1, mililita 800, kwa saa 10 za mwanzo, isipokuwa kitabu chake kinasema vingine. Oili iwe yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki huacha majivu kwenye ringi na plagi.

Umeme tunaupitia kwa ufupi: waya zenye kutu ya kijani zikatwe hadi shaba safi, fyuzi iwe karibu na betri, na zinki ya mguu (kipande kinacholiwa na kutu badala ya mguu wenyewe) isipakwe rangi.

Mashine ikinguruma bila boti kusogea, piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha propela hadi ganda lake, endesha kidogo, kisha tazama. Mstari ukikatika, raba ya ndani inateleza na propela ndiyo ya kubadilishwa. Gia haina kosa.

Yote hayo yakipita ndipo boti iingie baharini, siku ya maji mafu, karibu na pwani, ikiwa na makasia, nanga na jaketi okozi, imepakiwa magunia ya mchanga yenye uzito wa shehena yake. Ikae nanga saa mbili kwanza, halafu ndiyo iendeshwe. Ikirudi, kaza upya nati za ubao wa tezi, na baada ya saa 10 za kazi fungua tena ile skrubu ya chini ya mguu.

Mafundi wa boti na mashine,
Wete, Pemba