Mhariri, tuwekeeni na nyota gazetini

Ndugu Mhariri,

Mi nauza spea za boda hapa Arua na gazeti lenu nalisoma kila siku. Mpira mnatupa kurasa tatu, sawa, napenda pia, lakini naomba hata kakona kadogo kila mwezi mtuandikie mambo ya angani kwa Kiswahili.

Novemba iliyopita umeme ulikatika mtaa mzima na mwezi haukuwepo, nikatoka uani saa tatu usiku na binti yangu wa P6 tukaangalia upande wa kaskazini, tukaona kidoa hafifu kama moshi. Ile ni galaksi ya Andromeda, yaani kundi kubwa mno la nyota, iko mbali miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), kwa hiyo mwanga ulioingia machoni mwetu usiku ule ulitoka kule kabla hata ya yule Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliyefukuliwa Olduvai, kuzaliwa!

Binti akauliza, baba, walipima na kamba gani? Swali zuri sana. Mama mmoja wa Marekani, Henrietta Leavitt, mwaka 1912 alionyesha kuna nyota zinang'aa na kufifia kwa zamu, na ile inayochukua siku nyingi ndo yenye mwanga mkubwa kweli, sasa ukishajua ukali wake halisi ukaona ilivyo hafifu ukiiangalia toka huku, umbali unaupata. Mwaka 1923 Edwin Hubble akaikuta nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda, na kumbe iko mbali kabisa nje ya galaksi yetu, wakati wataalamu wengine walikuwa wanasema ni wingu la gesi la humu humu.

Nyota zenyewe sasa. Katikati ya Andromeda zimejaa zile za zamani, rangi ya njano njano, halafu kwenye mikono inayojikunja ndo unakuta za bluu, kwa sababu za bluu ni kubwa, zinamaliza mafuta yake haraka na kufa mapema, hazipati muda wa kwenda mbali na pale zilipozaliwa kwenye gesi na vumbi.

Haya yote nimemtafsiria mtoto kwa shida, neno kwa neno, kwa vile kwa Kiswahili sikupata kitu cha kumpa asome mwenyewe. Nyie mna waandishi. Anzeni na toleo la Novemba, waambieni watu waangalie kaskazini saa tatu usiku, mbali na taa.

Msomaji wenu, Arua