Risala ya Umoja wa Wahandisi na Mafundi Sanifu wa Mwanza kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wenzako,
Wazee wetu wastaafu mliokaa safu ya mbele,
Wanafunzi wa vyuo vya ufundi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kufika. Tunajua umetoka kwenye kikao na kingine kinakungoja, na watu wa itifaki walitutaka risala isizidi kurasa mbili. Tumejitahidi, imefika nne. Utuwie radhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu ulizaliwa kwenye foleni. Zamani zile, anayetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba kwa barabara hiyo alifika Kigongo akasubiri kivuko. Pale alikutana mhandisi wa barabara anayewahi saiti, fundi umeme wa mgodini anayerudi zamu, fundi sanifu wa maji mwenye mabomba juu ya pikapu, na kijana aliyemaliza chuo anayezunguka na bahasha ya vyeti. Kivuko kikichelewa, watu waliagiza sato wa kukaanga na mazungumzo yakaanza. Ukishakaa juani saa mbili husimulii mafanikio. Unasimulia balaa: pampu iliyovuta hewa usiku kucha, zege lililogoma kushika, kalavati lililozibwa na godoro. Wengi wetu tuliokaa hapa tulijifunza kazi darasani, tukaielewa Kigongo.

Tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45, kutoka Kigongo hadi Busisi, juu ya ghuba ya Ziwa Victoria. Wapo wenzetu waliofanya kazi pale kwenye zege na upimaji, na leo utawatambua maana hawachoki kulitaja. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando usiku kutoka ng'ambo ile, hatuna maneno ya kutosha. Lakini sisi, Mheshimiwa, daraja limetuvunjia kijiwe. Siku hizi mtu anavuka ghuba kwa dakika chache, anapiga honi, anapita zake. Ndipo Mwenyekiti akasema tutafute mahali pa kukutana hata kama hakuna cha kusubiri. Tangu hapo tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kanuni ni moja: anayekaa kiti cha mbele anasimulia kosa lake mwenyewe. La jirani haliruhusiwi.

Wa kwanza kukikalia kiti hicho alikuwa Mwenyekiti, na ametupa ruhusa tuliseme hili mbele yako. Miaka mingi iliyopita alisimamia jengo la ghorofa hapa mjini. Siku ya kumwaga nguzo jua lilikuwa kali, mchanganyiko ukakaza, vibarua wakalalamika koleo halipiti. "Ongezeni ndoo moja tu," akasema, akaenda kupokea simu. Aliporudi ndoo moja ilikuwa imezaa nyingine tano. Kila aliyewahi kushika mwiko anajua kwamba saruji inahitaji maji kidogo tu ili ishike. Yanayozidi hubaki ndani ya zege, na yakishakauka huacha vitundu ambavyo jicho halivioni. Zege la namna hiyo linapendeza kumwaga, linateleza kama uji wa mgonjwa, ila nguvu zimekwenda na maji.

Ndiyo maana kuna kipimo cha slampu. Koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 inajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa mara 25, kisha koni inanyanyuliwa na unatazama zege limeporomoka kiasi gani. Kazi ya dakika chache. Siku ile koni ilikuwa stoo, imewekewa misumari. Kyubu, yaani vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, zilitengenezwa hata hivyo, zikalowekwa, na siku ya 28 zikapelekwa maabara, ambako zilipasuka mapema mno kabla ya kufikia mzigo uliotakiwa. Nguzo nne zikabomolewa kwa nyundo. Mwenyekiti anasema mpaka leo akiona ndoo karibu na mashine ya zege anasikia zile nyundo.

Kisa kilichotuuma zaidi, hata hivyo, ni cha mwenzetu ambaye hakuvunja kanuni yoyote.

Alipewa kazi ya kusanifu gati dogo na sakafu ya kupokelea dagaa kwenye mwalo mmoja wa ziwa hili. Akachukua vipimo vya kina cha maji vya miaka kumi, akaongeza cha tahadhari kama alivyofundishwa, hesabu zikakaguliwa, zikapitishwa. Siku ya kupigilia vigingi, babu mmoja aliyekuwa kivulini akishona nyavu akamwita. "Mjukuu wangu, hapo unapopima ni ndani ya ziwa. Baada ya Uhuru sisi mitumbwi tuliifunga kwenye ule mkuyu." Mkuyu wenyewe ulikuwa juu huko, nyuma ya vibanda vya chai. Vijana wa saiti wakacheka, na mwenzetu, anakiri, alicheka nao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, babu alikuwa sahihi kuliko makaratasi. Ziwa lilianza kupanda kwa mvua za mwishoni mwa 1961, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Hili ni ziwa la takribani kilomita za mraba 68,800. Maji yake mengi yanaingia kwa mvua inayolinyeshea lenyewe na kuondoka kwa mvuke, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Likijaa halipungui kwa wiki wala kwa mwezi. Ile miaka kumi ya mwenzetu ilikuwa ya maji madogo, ukiwemo 2006 ambapo ziwa lilishuka sana hadi mitumbwi ikaachwa kwenye tope. Mei 2024 likapanda kupita kiwango chochote kilichowahi kuandikwa tangu vipimo vianze mwishoni mwa karne ya 19. Wewe mwenyewe uliona hali ilivyokuwa kandokando ya ziwa. Ile sakafu ya dagaa ikawa chini ya maji, watoto wakasimama juu yake kuvua kwa ndoano.

Mwenzetu alirudi kumtafuta babu amwombe radhi. Akamkuta amehama na nyavu zake. Alikuwa amekaa chini ya mkuyu.

Tangu siku hiyo tumeweka utaratibu: kabla ya kupima chochote kando ya ziwa, tunauliza wazee watatu wasiokaa pamoja maji yaliwahi kufika wapi, tunapiga alama pale walipoonyesha, kisha ndiyo tunarudi kwenye vipimo. Wazee wakitofautiana, tunachukua alama ya juu. Wahandisi wengine wanatuona tumerudi enzi za ramli. Wasogee karibu, tutawaonyesha mkuyu.

Nije mjini. Mwanza imejengwa juu ya mawe, na kila aliyechimba mtaro Igogo au Mabatini anajua bomba halipiti pale ulipochora, linapita pale jiwe liliporuhusu. Mchoro unasema bomba linakwenda moja kwa moja. Chini ya ardhi limezunguka jiwe mara mbili kama nyoka. Waliolizungusha walikumbuka wao, hawakuandika. Mwaka mmoja wachimbaji wa mtaro wa nyaya walipasua bomba kubwa asubuhi, barabara ikawa mto, na hakuna aliyejua koki ya kufungia iko wapi. Michoro iliyoletwa ilionyesha koki mahali ambapo leo ni nyumba ya mtu. Tukampigia simu fundi bomba mmoja mstaafu aliyehamia kijijini. Akauliza, "Lile jiwe lenye umbo la kiatu bado lipo?" Lipo. "Simameni kwenye kisigino, hesabuni hatua 14 kuelekea ziwani, chimbeni." Koki ilikuwa hatua ya 13. Alisema siku hizo miguu yake ilikuwa mifupi kidogo, jambo ambalo hatukulielewa na hatukuuliza.

Mzee huyo yupo nasi leo, ndiye yule mwenye kofia ya kijani. Macho yake yamepungua. Tumempandisha milimani kwa bodaboda mara tatu, anaonyesha kwa fimbo, vijana wanapima na kuchora. Mpaka sasa tumeshapata koki 11. Yeye anasema ziko nyingi, ila zinamjia usiku, siyo mchana. Basi mjukuu wake amepewa daftari. Wabheja sana, yaani ahsante sana, mzee wetu.

Kuna visa viwili ambavyo si vya mwanachama yeyote, lakini tunavisimulia kila Septemba tukiwa tumesimama, navyo ni vya ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wao yapo, hatuna haja ya kueleza. Meli ilielea tumbo juu kwa muda, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati. Likatobolewa tundu ili wafikiwe. Hewa iliyonaswa ndani ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli. Ikatoka kwa tundu lile, maji yakaingia, meli ikazama. Waliotoboa walikuwa wakiokoa, na hatumlaumu mtu. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Siku mbili baadaye wapiga mbizi wakamtoa akiwa hai mhandisi wa kivuko, aliyekuwa amejihifadhi mahali palipobaki na hewa.

Mwaka jana tulipomaliza kusimulia, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, binti, akauliza: "Wavuvi wa mwalo ndio wanaofika kwanza chombo kikipinduka. Nani amewaambia wasitoboe?" Ukumbi ulikaa kimya. Sasa hivi binti huyo na wenzake wanapita kwenye mialo wakiwa na beseni la maji na kikombe. Wanakifunika kikombe kifudifudi majini, wavuvi wanaona kinavyokataa kuzama, kisha wanakitoboa kwa msumari wa moto mbele yao. Ni vikombe vya plastiki, hununuliwa vipya kila safari. Hayo ndiyo matumizi makubwa ya mfuko wetu, na mweka hazina ananung'unika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala bila maombi haijazoeleka, basi tusiharibu mila.

Tunaomba chumba kimoja, kikavu, chenye kabati linalofungwa. Michoro ya zamani ya mji huu ipo mikononi mwa watu: mingine iko chini ya vitanda, mingine imefungiwa vitafunwa, tumeishuhudia. Tunaomba pia mradi wowote unapokabidhiwa, mkandarasi asilipwe fedha yake ya mwisho mpaka alete michoro ya kilichojengwa kweli, pamoja na mizunguko yote ya mawe. Mikataba mingi inalisema hilo tayari. Tunaomba lisimamiwe.

Vijana wetu wanaomaliza shahada wanahitaji miaka 3 ya mafunzo kwa vitendo chini ya mpango ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003, na kila mmoja anatafuta mahali pa kujishikiza. Reli ya kisasa kutoka hapa hadi Isaka ni kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishania. Hatuamini kwamba katika urefu wote huo hakuna nafasi ya vijana wachache wa kushika koni ya slampu. Neno lako moja kwa wakandarasi lina uzito kuliko barua zetu kumi, na barua kumi tumeshaandika.

La mwisho ni dogo na halina gharama. Tunaomba kibali cha kuchora mstari wa rangi nyeupe kwenye miamba ya kando ya ziwa, kwenye mialo, mahali maji yalipofika mwaka 1964, na mwingine pale yalipofika Mei 2024, tarakimu zisomeke kutoka kwenye mtumbwi. Rangi tutanunua sisi. Wazee wa kutuonyesha mstari wa kwanza bado wapo, ila hawatakuwepo siku zote, ndiyo maana tunaomba kibali kitoke kabla ya masika.

Zawadi yetu kwako leo iko ndani ya lile boksi lililofungwa utepe. Tafadhali dereva asaidie kulibeba, lina uzito wa takribani kilo 8. Ndani yake kuna moja ya zile kyubu za Mwenyekiti zilizofeli, yenye milimita 150 kila upande, na ufa wake kama ulivyotoka maabara. Ameitunza miaka yote hiyo kizingitini mwa ofisi yake kuzuia mlango usijifunge. Amekubali kuitoa, na tangu asubuhi mlango wake umekuwa ukijigonga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.