Sikio lako lilipata nusu

Malindi, Mji Mkongwe, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Mie mzima, alhamdulillahi, hofu kwako na kwa wazee huko Wete. Mama anakusalimu sana na anauliza kama lile paa mlimaliza kuliezeka kabla ya masika. Hapa mvua haijakatika tangu Ijumaa, basi nimejifungia ndani na barua yako.

Umeniandikia hivi: "Huyo mpiga gitaa wako wa Kiingereza hajui kupiga. Ana nota nne, anazizungusha dakika saba, hana taksim ya kubuni papo hapo, hana jipya." Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, nikuambie kweli, kwa sababu muziki huu uko moyoni mwangu tangu tuko skuli. Halafu Jumapili iafoni yangu ya kushoto ikafa. Nikausikiliza ule wimbo wake, Pictures of You wa bendi ya The Cure, kwa sikio la kulia peke yake, na palepale nikajua umekuwa ukinigombeza kwa kitu gani miaka yote hii. Wewe hujawahi kuusikia. Uliusikia nusu.

Hebu turudi kwenye ule wakati wa kiza. Umeme ulikatika Unguja Disemba 2009, haukurudi mpaka Machi 2010. Ulikuwa bado unakaa kwa shangazi yako Vuga. Unakumbuka mji ulivyokuwa? Ikishapita sala ya isha, vichochoroni huoni hata kiganja chako. Mtu unamjua kwa mlio wa makubadhi yake. Jenereta chache zinanguruma mbali, baadaye nazo zinazimwa, kinabaki kimya ambacho sijakisikia tena mjini hapa. Binamu yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Uingereza, akaniachia kile kidude chake cha muziki, nasi tukikichaji kwenye duka la jirani. Tulikaa barazani kwetu, iafoni moja watu wawili: wewe sikio la kulia, mie la kushoto. Nikakuwekea hiyo Pictures of You, iliyomo kwenye albamu ya The Cure ya 1989, Disintegration. Robert Smith, mwimbaji na mpiga gitaa wao, huyo huyo unayemlaumu, anaanza kuimba baada ya karibu dakika mbili. Wewe hukufika huko. Ulichomoa sikioni, ukaniuliza, "Huyu ataimba lini?" Sikukujibu, nilikuwa nimeshachukuliwa.

Mie nami nilikuwa na upande mmoja tu usiku ule na nikachukuliwa, kwa hiyo siwezi kusema nusu haina kitu. Lakini nikueleze kwa nini haitoshi kuhukumia mtu.

Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa ampu, sanduku la kukuza sauti ya gitaa la umeme, iitwayo JC-120. Ndani yake mna spika mbili za inchi 12, kila moja ina wati zake 60. Ukiwasha ile kitu wanayoiita korasi (usifikirie waitikiaji, ni jina tu), spika moja inatoa gitaa kama lilivyopigwa. Ya pili inalitoa likiwa limechelewa elfu chache za sekunde, na huko kuchelewa kwenyewe kunazidi na kupungua, basi sauti inayumba, mara iko juu ya mwenzake kwa unywele, mara chini. Sasa sikiliza hapa: hakuna hata spika moja yenye ile sauti tunayoipenda. Inazaliwa hewani, baina ya spika mbili, pale zinapokutana. Wapigaji wengi wa roki ya kigothiki, huu muziki wa kiza na huzuni tunaougombania, na jamaa zake wa miaka ya 1980 walilitumia sanduku hili, au vipedali vya kukanyaga kwa mguu vyenye kazi hiyohiyo. Na ukiacha korasi, kwenye rekodi zao gitaa moja huwekwa huku, jingine kule, la tatu nyuma, ili msikilizaji ajione yuko katikati ya mahali. Aliyeshika upande mmoja yuko nje ya mlango.

Na wewe katika watu wote ndiye uliyepaswa kunifahamu haraka. Udi wako una nyuzi kumi na moja, jozi tano na mmoja ulio peke yake. Kwa nini fundi aliweka jozi? Nyuzi mbili za nota moja, uzikaze utakavyozikaza, hazilingani kabisa. Pana tofauti ya chembe, na katika chembe hiyo ndimo sauti inamopata nyama. Ile ala ya kanuni ndiyo zaidi, nyuzi tatu tatu kwa kila nota. Na zile fidla za kikundi chetu cha taarab, Culture Musical Club, zikipanda pamoja? Wote wanapiga tuni moja, hakuna aliye sawasawa na mwenzake kama mashine, na upana ule ndio unaotusimamisha nywele. Wajapani wale walitia kwenye umeme jambo ambalo mafundi wa udi walilifanya kwa mbao na utumbo karne nyingi nyuma.

Tunapoachana njia ni hapa, na hapa ndipo nataka unisome taratibu.

Sauti ya udi hufa upesi. Umegusa, umelia, umekwisha. Ndiyo maana risha yako ya kugusia nyuzi haitulii: unarudia, unatetemesha, unajaza, kwa sababu ukinyamaza hakibaki kitu. Ustadi wako wote umekulia kwenye upungufu huo, na wallahi hakuna mtu Wete nzima ninayependa kumsikiliza kuliko wewe. Gitaa la umeme lenye mwangwi lina tabu iliyo kinyume. Nota zake hazitaki kufa. Ukipiga ya pili, ya kwanza ingali chumbani. Ya tatu inazikuta mbili zimekaa. Mpigaji akikimbia kama unavyokimbia wewe, anapata tope. Basi hupiga moja, akasubiri, akasikiliza kilichobaki, akaamua kama kinahitaji mwenzake au kiachwe. Kazi yake kubwa anaifanya wakati mkono umetulia. Unaposema ana nota nne, umehesabu kwa hesabu ya udi.

Mwangwi wenyewe siku zile ulikuwa kitu cha kushikika kwa mkono. Roland hao hao walikuwa na mashine yao ya 1974, Space Echo RE-201. Ndani mna utepe wa kanda unaozunguka bila kwisha. Kichwa kimoja kinarekodi, vilivyo mbele yake vinasoma, na umbali baina yao ndio muda wa kuchelewa. Utepe ukichakaa, kila marudio yanapungua mwanga na kuyumba kidogo. Siku hizi programu za simu zinauigiza hata uchakavu, kwa kuwa watu waliukosa.

Sikiliza Daniel Ash, mpiga gitaa wa bendi ya Bauhaus, vijana wa Northampton, Uingereza. Wimbo wao Bela Lugosi's Dead waliurekodi Januari 1979, bendi ikiwa changa kabisa, na unapita dakika tisa. Wengi huhesabu muziki wa kigothiki kuanzia hapo. Besi inateremka polepole, ngoma zinagonga kama mtu anayetembea kwenye nyumba tupu, na gitaa halina hata tuni moja utakayoiimba njiani ukirudi nyumbani. Ash anakwaruza nyuzi, anaziachia mwangwi uzichukue. Mwimbaji anaingia zimeshapita zaidi ya dakika mbili. Na wewe usinambie habari ya kusubiri! Unakaa na bashraf nzima, muziki mtupu usio na mwimbaji, bila kutikisika, unamngoja Umm Kulthum mpaka fidla zimalize walilonalo na chai imepoa, ukija kwa hawa dakika mbili zinakuuma?

Ila mpiga gitaa anayenigusa kuliko wote ni John McGeoch, Mskoti wa Greenock, aliyefariki 2004. Alisoma sanaa Manchester kabla ya umaarufu, na mie naona inasikika, kwa sababu hupiga kama mtu anayepaka rangi sehemu moja na kuacha turubai wazi sehemu nyingine. Tafuta albamu ya Juju, ya 1981, aliyopiga na bendi ya Siouxsie and the Banshees. Hachapi nyuzi zote kwa mpigo. Anazipasua, uzi baada ya uzi, anaacha nyuzi tupu zilie pembeni, kisha anaitia sauti kwenye flanja. Flanja ni ndugu wa korasi, kuchelewa kwake ni kufupi zaidi, na gitaa linapata ule mvumo unaojikunja, kama kusi linapopenya kwenye ufa wa dirisha. Ukitaka mtu mwenye mikono, huyo hapo: kwenye wimbo wa Spellbound vidole vinakwenda mbio mpaka wewe mwenyewe utasalimu amri. Lakini hakuna mahali anapojitokeza mbele ya wenzake aseme nitazameni. Miaka nimemsikiliza na bado nagundua vitu alivyoviweka chini ya sauti ya mwimbaji, vidogo, vya mtu asiyedai shukrani.

Robin Guthrie, mpiga gitaa wa bendi ya Cocteau Twins, naye Mskoti, wa Grangemouth, alikwenda mbali zaidi, mpaka hujui gitaa linaanzia wapi na chumba kinaishia wapi. Albamu yao Heaven or Las Vegas ya 1990 ndiyo ya kuanzia. Mwimbaji wao, Elizabeth Fraser, anaimba maneno ambayo Waingereza wenyewe mara nyingi hawayashiki. Hilo lisikutishe, bibi zetu walizilia nyimbo za Kiarabu bila kujua beti zinasema nini.

Nikirudi kwa Smith wako unayemlaumu: kwenye Disintegration alitumia sana chombo kiitwacho Fender Bass VI. Kina nyuzi sita kama gitaa, ila kimeteremshwa oktava nzima. Hakina uzito wa besi wala ukali wa gitaa, kinasema kwa sauti ya mtu mzima anayeongea karibu na wewe. Mwenzake Simon Gallup tayari yuko kwenye besi, kwa hiyo wawili wale wanaingiliana huko chini, na magitaa mengine yanabaki na nafasi ya kumeta juu. Usiku ule barazani mie sikujua lolote katika haya. Nilijua tu kwamba kiza cha nje na kiza cha ndani ya muziki vilikuwa vya upana mmoja.

Mzee wako alisema ni muziki wa makaburini. Mpe salamu zangu kwa heshima zote. Nguo nyeusi na makaburi ni mapambo, na bendi nyingi katika hizi hata jina la gothiki hazikulitaka. Mie ninachosikia ni huzuni iliyotunzwa vizuri, na hiyo haijawahi kuwa ngeni kwetu. Watu wengine wakijua napenda roki hunitajia Freddie Mercury, kwa vile alizaliwa mjini hapa 1946. Namheshimu, lakini hicho sicho ninachokitafuta.

Sasa nikwambie la Jumanne. Umeme ulikatika tena, saa moja hivi tu. Nikachukua gitaa langu la mbao, lisilo waya wala pedali, nikakaa ngazini. Ngazi zetu unazijua, nyembamba, ukuta wa mawe na chokaa, ghorofa tatu mpaka darini. Nikapiga nota zilezile nne unazozichukia, moja moja, nikingoja kila moja ipande, ikaguse juu, irudi. Kama ungalikuwa hapo ungeona ngazi yenyewe inavyokufundisha: ukiharakisha inakutapikia kelele, ukingoja inakupa sauti ya pili ambayo hukuipiga. Sijui nilikaa muda gani. Bibi wa ghorofa ya pili akafungua mlango, akaita kizani:

"Mko wangapi huko chini?"

"Niko peke yangu, bibi."

Akanyamaza kidogo. "Basi endelea," akasema, na mlango hakuufunga.

Memori kadi nimempa mdogo wako, atapanda boti ya Jumamosi. Nimekutilia hizo zote nilizozitaja, na pamoja nayo kuna iafoni mpya. Zote mbili ni zako, usimgawie mtu hata moja. Anza na McGeoch ukiwa macho, mchana, ili usikie mikono yake. Pictures of You ingoje usiku, watoto wakishalala, taa umezima, mvua ikinyesha kama ipo. Halafu uchukue udi, uende pale kwenye chumba kitupu cha kuwekea karafuu, upige nota nne tu, uniandikie ulichosikia. Ukisema tena kwamba jamaa hajui kupiga, nitakuamini, kwa kuwa safari hii utakuwa umesikia.

Wasalaam,

Mie sahibu yako wa Malindi