GnuPG ikigoma kuuliza nenosiri, usiulaumu ufunguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na mafundi wanaotunza seva za ofisi, zahanati na vyama vya akiba na mikopo. Wapo wanaofunga nakala za akiba kwa GnuPG (gpg), programu ya kuficha yaliyomo kwenye faili ili asiye na ufunguo asiyasome, na siku programu ikishindwa kuuliza nenosiri, huliondoa kwenye ufunguo au huliandika wazi ndani ya skripti. Nawasihi waache. Mara nyingi ufunguo ni mzima. Kilichokatika ni njia ya kulifikisha swali kwako.

Tangu toleo la 2.1, lililotoka mwaka 2014, ufunguo wa siri hushikwa na gpg-agent, programu inayofanya kazi chinichini. Hiyo nayo huiita pinentry, ambayo ndiyo inayokuuliza nenosiri. Pinentry isipojua iandike kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ipi, unaletewa ujumbe "Inappropriate ioctl for device", na fundi anaanza kudhani faili limeharibika. Weka mstari huu mwishoni mwa ~/.bashrc, faili la mipangilio linalosomwa terminali inapofunguliwa, kisha fungua terminali upya:

export GPG_TTY=$(tty)

Bila mstari huo, hitilafu hujitokeza zaidi pale data inapoingizwa kwa alama ya |, inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine, kwa sababu gpg hutafuta jina la terminali kwenye mlango uleule ambao data imeuziba.

Ikiendelea kugoma, huenda imeitwa pinentry ya madirisha kwenye seva isiyo na skrini. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha pinentry-curses, andika "pinentry-program /usr/bin/pinentry-curses" katika ~/.gnupg/gpg-agent.conf, halafu toa amri gpgconf --kill gpg-agent. Itajiwasha yenyewe ikihitajika.

Mtego mwingine ni su, amri ya kuhamia kwa mtumiaji mwingine. Ukiingia kwa jina lako kisha ukahamia kwa mtumiaji mwingine, terminali inabaki mali yako na pinentry ya yule mwingine haina ruhusa ya kuifungua. Ingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao, moja kwa moja kama mtumiaji huyo. Kuilegeza terminali kwa chmod 666, yaani kumruhusu kila mtu kuisoma na kuiandikia, ni hatari: yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo ataweza kunasa unachoandika.

Sasa cron, programu inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba, ambako makosa makubwa hufanyika. Cron haina terminali, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Lakini kufunga faili kwa ufunguo wa umma, ule wa kufungia tu, hakuhitaji nenosiri hata kidogo; ni ufunguo wa siri, ule wa kufungulia, unaolihitaji! Tumia gpg --batch --encrypt --recipient, ukifuatisha jina la mwenye ufunguo na faili, na ufunguo wa siri usikae kabisa kwenye seva hiyo. Gpg ikikataa kwa madai kwamba haina uhakika na mwenye ufunguo, linganisha alama ya kidole ya ufunguo huo (mfuatano wa herufi na tarakimu unaoutambulisha) na ile ya asili kutoka kwa mwenyewe, herufi kwa herufi, ndipo uongeze --trust-model always.

Kama skripti ni lazima ifungue faili, weka --batch --pinentry-mode loopback (gpg ipokee nenosiri bila pinentry) pamoja na --passphrase-file, na faili hilo la nenosiri lipewe ruhusa 600, lisomwe na mwenyewe tu. Ukisahau loopback, nenosiri ulilotoa halitasomwa. Kuliandika kwenye amri yenyewe kwa --passphrase ni kulianika, kwa kuwa watumiaji wengine wanaweza kuliona kwa ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendelea.

Kuna pia wanaojaribu gpg -c, inayofunga faili kwa nenosiri tu bila ufunguo, wanafungua faili papo hapo bila kuulizwa kitu, wakadhani halikufungwa. Limefungwa. Gpg-agent hukumbuka nenosiri kwa sekunde 600, na muda huo huanza upya kila linapotumika, hadi kikomo cha sekunde 7200. Kwa hiyo kabla ya kujaribu kurejesha nakala ya akiba, toa gpgconf --kill gpg-agent kwanza, ufungue faili kwa nenosiri mlilohifadhi kwenye kumbukumbu za ofisi.

Fundi wa seva,
Morogoro